Kiapo Mbele ya Kamera: Kanuni za Kuthibitisha Hati kwa Mtandao

Mtanzania anayeishi Houston na kumiliki nyumba hukohuko anaweza kuiuza bila kutoka sebuleni. Tangu Julai 1, 2018, sheria ya Texas inamruhusu mthibitishaji wa hati mwenye kibali cha kazi za mtandaoni kumtambua muuzaji kwa video, kumshuhudia akitia sahihi ya kielektroniki, kisha kuifunga hati kwa muhuri wa kidijitali. Mtu huyohuyo akitaka kumpa dada yake mamlaka ya kuuza kiwanja cha Kibaha, mambo hubadilika. Hati ya uwakilishi huchapishwa na kutiwa sahihi kwa kalamu mbele ya mthibitishaji. Kisha hupelekwa kwa Katibu wa Jimbo athibitishe kwamba mthibitishaji huyo anatambulika, halafu Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, halafu ubalozi wa Tanzania mjini Washington, ndipo iingie kwenye bahasha ya kuja Pwani. Wiki hupita. Herufi moja ya jina ikikosewa, kazi yote huanza upya.

Wengi wakiulizwa sababu ya tofauti hii hujibu kwamba wenzetu wana teknolojia. Jibu hilo halitoshi. Kamera iko kwenye simu ya kila mtu Kariakoo, na benki zetu zinafungua akaunti kwa alama ya kidole. Kinachowatofautisha Texas na sisi ni kanuni zilizoandikwa: mtu atambuliwe vipi, kipi kihifadhiwe na kwa miaka mingapi, muhuri ufungwe namna gani, na nani alipe mambo yakiharibika. Palipo na kanuni hizo, kuthibitisha hati kwa mbali kunaweza kuwa salama kuliko muhuri wa mpira tuliouzoea. Pasipo nazo, video haiongezi usalama wowote.

Ili kuliona hilo, tuanze na kazi ya muhuri wenyewe, maana inaeleweka vibaya hata na watu wanaoutafuta kila mwezi. Wakili anapogonga muhuri kwenye hati ya kiapo, hathibitishi kwamba yaliyoandikwa humo ni kweli. Akigonga kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja, hasemi kwamba muuzaji ndiye mwenye kiwanja. Anasema mambo machache na mazito: huyu mtu alikuja kwangu, nilimtambua, alitia sahihi au aliapa kwa hiari yake akijua anachofanya, na ilikuwa siku hii mahali hapa. Zimo kazi tatu: kutambua mtu, kupima hiari na uelewa wake, na kuacha kumbukumbu itakayotumika siku mtu akija mahakamani kusema sahihi si yake.

Kwa karne nyingi kazi hizo tatu zilifanywa kwa tendo moja, yaani mtu kufika mwenyewe. Akikaa mbele ya meza, sura yake inaonekana, mikono yake ikitetemeka inaonekana, na ndugu aliyemshika bega naye anaonekana. Ndiyo maana sheria nyingi hazikueleza hatua za utambuzi kwa urefu, zikaridhika kusema kiapo kiapwe mbele ya kamishna wa viapo. Sheria ya Tanzania ya Wathibitishaji na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, ni ya mwaka 1928. Kifungu chake cha 8 kinamtaka kamishna aandike jina lake na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Mahakama ya Rufani ilikitafsiri kwa ukali katika shauri la D.B. Shapriya dhidi ya Bish International mwaka 2002: kutotaja mahali kilipoapwa si kosa dogo la uandishi, ni kasoro inayokiangusha kiapo.

Sasa mweke mwapaji Mwanza na kamishna Dar es Salaam, kati yao kuwe na kioo cha simu. Kiapo kimeapwa wapi? Sura ya 12 haijibu, kwa kuwa mwaka 1928 swali hilo halikuwepo. Majimbo ya Marekani yaliyoruhusu utaratibu huu yalilijibu mapema: tendo la uthibitisho hufanyika pale alipo mthibitishaji. Mtia sahihi anaweza kuwa jimbo lingine, hata nchi nyingine, lakini mthibitishaji sharti awe ndani ya mipaka ya jimbo lililompa kibali, na cheti chake hutaja eneo aliloketi yeye. Uamuzi huo mdogo ndio uliofungua mlango, kwa sababu uliondoa mkanganyiko wa sheria ya nani inatumika na nani wa kumwadhibu mthibitishaji mkosaji.

Virginia ndiyo iliyotangulia. Ilipitisha sheria yake mwaka 2011 na kuanza kuitumia Julai 1, 2012, wakati ambapo majimbo mengine yaliuona mpango huo kama hatari isiyo ya lazima. Kwa miaka kadhaa ilifuatwa na machache tu. Montana iliruhusu kwa masharti mwaka 2015, Texas na Nevada zikapitisha sheria zao mwaka 2017. Mwaka 2018 tume inayotunga miswada ya mfano kwa majimbo yote iliongeza sura ya watu walio mbali katika sheria yake ya mfano ya uthibitishaji, ikairekebisha tena mwaka 2021. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria za kudumu.

Kilichofanywa katika sheria hizo kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana hazikusema tu kwamba video ni sawa na kuja mwenyewe. Zilichukua kazi moja moja iliyokuwa imefichwa ndani ya kufika, zikaipa mbadala wake.

Kazi ya kutambua ilipewa kinga mbili zinazotumika pamoja. Ya kwanza ni kitambulisho cha serikali kinachopigwa picha na kuchunguzwa na programu, kuona kama alama zake za usalama ziko sawa. Ya pili, iliyoenea sana Marekani, ni maswali kuhusu historia ya mtu yanayotoka kwenye hifadhidata za mikopo na anwani: uliishi mtaa gani mwaka fulani, gari lako la zamani lilikuwa la aina gani. Kwa kawaida huulizwa maswali 5, na mtu sharti apate angalau 4 ndani ya dakika 2. Nadhani hapa ndipo mfumo wa Marekani ulipo dhaifu kuliko watetezi wake wanavyokubali. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax, mojawapo ya hifadhi kubwa za taarifa za mikopo, ilidukuliwa na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Maswali ya historia yanafaa pale historia inapojulikana na mwenyewe peke yake, na baada ya wizi wa kiasi hicho hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Tena mke anayajua majibu ya mumewe, na mtoto anayajua ya mama yake. Wanaodhulumiana mali mara nyingi ni hao hao wa nyumba moja.

Kazi ya kuacha kumbukumbu ilipata mbadala ulio imara kuliko asili. Kikao chote hurekodiwa kwa sauti na picha, na rekodi huhifadhiwa kwa muda uliotajwa na sheria: miaka 5 Virginia na Texas, miaka 10 katika sheria ya mfano na New York. Lifikirie hilo ukiwa mahakamani. Katika mfumo wa karatasi, anayedai hakusaini anabaki na neno lake dhidi ya neno la wakili ambaye huenda ameshafariki, huku daftari lake, kama lilikuwepo, likiwa limeliwa na mchwa. Katika mfumo wa mtandao hakimu anaweza kumtazama mtu huyo akiulizwa kama anasaini kwa hiari, akamsikia akijibu. Sijui kinga ya karatasi inayoufikia ushahidi huo.

Halafu kuna hati yenyewe. Muhuri wa mpira unatengenezwa kwa bei ndogo na fundi yeyote wa mihuri, na ukurasa wa tatu wa mkataba unaweza kubadilishwa baada ya ukurasa wa mwisho kugongwa. Hati ya kielektroniki hufungwa kwa cheti cha kidijitali cha mthibitishaji. Programu hukokotoa alama ya kihesabu kutoka kwenye maandishi yote, na alama hiyo hufungwa kwa ufunguo wa siri alionao mthibitishaji peke yake. Ukibadilisha hata nukta moja, alama hazilingani tena, na kila anayeifungua hati anaonywa. Udhaifu ni kwamba kinga hii inaishi ndani ya faili tu. Ukiichapisha, unachoshika ni picha ya muhuri isiyokinga chochote. Hili litatuhusu sana tukifika kwenye masijala zetu za ardhi.

Kwenye hiari na uelewa wa mtu, mbadala ni hafifu, na nitarudi huko.

Kisha likaja janga la korona. Machi 2020, majimbo ambayo hayakuwa na sheria yoyote yalijikuta na watu waliofungiwa ndani huku wosia, mikopo ya nyumba na hati za matibabu zikingoja. Gavana wa New York alitoa amri namba 202.7 mnamo Machi 19, 2020, akiruhusu uthibitisho kwa video. Mtia sahihi alitakiwa kuonyesha kitambulisho papo hapo kwenye video na kutamka kwamba yuko ndani ya New York. Baada ya hapo alitakiwa kutuma nakala ya hati siku hiyohiyo kwa faksi au njia ya kielektroniki, na mthibitishaji akagonga muhuri kwenye nakala hiyo. Ilikuwa amri ya dharura na ilisaidia. Lakini tofauti yake na sheria ya Virginia ni kubwa: kinga nyingi za Virginia hazikuwemo, na mthibitishaji alibaki akikisia kutoka kwenye kioo kama kitambulisho anachokiona ni halisi. New York yenyewe ilipoandika sheria ya kudumu, iliyoanza Januari 31, 2023, haikuinakili amri ile. Ilidai mthibitishaji ajisajili upya kama mthibitishaji wa kielektroniki, atumie teknolojia inayochunguza kitambulisho, na atunze rekodi miaka 10. Serikali ya Afrika Mashariki itakayotaka kuiga Marekani inapaswa kujua inaiga ipi kati ya hizo mbili.

Marekani yenyewe haijakubaliana. Muswada wa kitaifa ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2022 na tena Februari 2023, ukakwama katika Seneti. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, ilisita hadi Septemba 2023 ndipo gavana akatia sahihi sheria, na hata hivyo wathibitishaji wake hawataanza kazi hiyo hadi mifumo ya serikali ikamilike, mwisho ukiwa Januari 1, 2030. Wakati huohuo California inatambua hati zilizothibitishwa kihalali katika majimbo mengine, kwa hiyo mkazi wa Los Angeles anahudumiwa kwa video na mthibitishaji wa Virginia huku jirani yake mthibitishaji akikatazwa. Connecticut ilichukua njia ya tahadhari ninayoiheshimu: sheria yake iliyoanza Oktoba 1, 2023 inaruhusu uthibitishaji kwa mbali, lakini inaziweka nje hati zinazohusu wosia, mamlaka ya uwakilishi, na ukamilishaji wa mauziano ya nyumba na ardhi. Yaani zile hati ambazo zikighushiwa zinammaliza mtu.

Nchi za Ulaya bara zinatoka kwenye desturi nyingine, na msomaji wa Congo au Burundi ataielewa haraka kuliko wa Kenya. Huko mthibitishaji si mtu wa kugonga muhuri. Ni mwanasheria mwenye madaraka ya umma anayeandika hati mwenyewe, anayezishauri pande zote, na anayehifadhi asili yake. Ufaransa iliruhusu hati hizo kwa mbali kwa amri ya Aprili 3, 2020, ikaacha ruhusa hiyo ife baada ya dharura, halafu kwa amri ya Novemba 20, 2020 ikarudisha sehemu moja tu kwa kudumu: hati za uwakilishi. Inavutia kwamba Wafaransa walianza na hati ileile ambayo Connecticut iliikataa. Sababu iko kwenye nafasi ya mthibitishaji. Ukiwa na mtu anayelazimika kisheria kuhoji na kushauri, unaweza kumwamini na hati nzito. Ukiwa na mtu ambaye kazi yake ni kutazama kitambulisho tu, huwezi.

Ujerumani ndiyo iliyonishawishi zaidi katika utambuzi. Tangu Agosti 1, 2022 mtu anaweza kuanzisha kampuni ya dhima yenye ukomo mbele ya mthibitishaji kwa video, lakini ndani ya mfumo mmoja tu, unaoendeshwa na Chemba ya Shirikisho ya Wathibitishaji. Mwombaji haonyeshi kitambulisho kwenye kamera. Anakigusisha kwenye simu yake, simu inasoma chipu, na picha iliyo ndani ya chipu humfikia mthibitishaji ailinganishe na sura anayoiona. Kadi bandia inayong'aa vizuri kwenye video haipiti hapo. Mauziano ya ardhi hayamo katika utaratibu huo.

Uingereza inatuhusu kwa kuwa sheria zetu za viapo na sahihi zilitoka kwake. Tume ya Sheria ya England na Wales ilisema mwaka 2019 kwamba shahidi wa hati rasmi lazima awepo kimwili mtia sahihi anaposaini. Janga lilipofika, sheria ya wosia ya mwaka 1837 ililegezwa ili mashahidi waone kwa video, kwa wosia uliofanywa kuanzia Januari 31, 2020. Ruhusa hiyo iliisha Januari 31, 2024, na kuwepo kimwili kukarudi kuwa sharti.

Funzo lililo karibu zaidi nasi linatoka Afrika Kusini. Tangu mwaka 2002 sheria yake ya mawasiliano ya kielektroniki inasema kwamba sharti la kuthibitisha hati au kuapa hutimizwa kwa sahihi ya kielektroniki ya kiwango cha juu ya ofisa mwenye mamlaka. Ukiisoma peke yake utadhani suala limekwisha. Lakini kanuni za viapo za mwaka 1972 bado zinamtaka mwapaji asaini akiwa mbele ya kamishna. Katika shauri la FirstRand Bank dhidi ya Briedenhann mwaka 2022, mahakama ilisema maneno hayo yana maana ya kuwepo kimwili, ila ikavikubali viapo vilivyoapwa kwa video kwa kuwa lengo la sheria lilikuwa limetimizwa kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2024 kampuni ya LexisNexis iliiomba Mahakama Kuu ya Pretoria itamke kwamba kuapa kwa video ni halali, na mahakama ikakataa. Kuruhusu sahihi ya kielektroniki ni jambo moja, kuruhusu mtu asifike ni jambo jingine. Nchi inaweza kuwa na la kwanza kwa miaka zaidi ya 20 na bado isiwe na la pili.

Hapo ndipo tulipo sisi. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kenya, kwa marekebisho ya sheria za biashara yaliyotiwa sahihi Machi 2020, iliingiza sahihi za kielektroniki katika sheria ya mikataba na ya usajili wa ardhi, na Aprili 2021 ikazindua Ardhisasa, mfumo wake wa huduma za ardhi mtandaoni. Nimewasikia wanasheria wakizitaja sheria hizi kana kwamba zimeshafungua mlango wa uthibitishaji kwa mbali. Hazijaufungua. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya bado inamtaka anayesaini hati afike mbele ya msajili au ofisa aliyeteuliwa, na kama hajulikani aende na shahidi wa kuaminika. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 ya Tanzania kiko palepale.

Cha kusikitisha ni kwamba uthibitishaji wa mbali tayari upo kwetu, ila ni ule usio na kinga yoyote. Kila aliyewahi kuhitaji kiapo cha majina kwa ajili ya pasipoti au mkopo anaujua. Hati inatumwa kwa WhatsApp, inachapishwa stesheneri, karani anaipeleka ofisini, inarudi imegongwa muhuri wenye maneno yanayosema kwamba mwapaji alifika. Hakufika. Hakuna aliyemuuliza swali, na mara nyingine sahihi yenyewe ilitiwa na shemeji. Mawakili waadilifu wanakataa, na wanapoteza wateja kwa kukataa. Kwa hiyo anayeogopa kwamba sheria mpya italeta udanganyifu ajiulize analinganisha na nini. Akilinganisha na wakili anayemkalisha mteja na kumhoji, hofu yake ina msingi. Akilinganisha na karani aliyebeba bahasha, rekodi ya video ya dakika 10 ni hatua kubwa mbele.

Tena mahakama zetu zimeshavuka mstari ambao sheria ya hati inauogopa. Kanuni za Tanzania za mashauri kwa njia ya mtandao, Tangazo la Serikali namba 637 la mwaka 2021, zinaruhusu shahidi atoe ushahidi kwa video. Shahidi huyo anaapa na kuhojiwa, na maneno yake yanaweza kuamua haki ya mtu. Mfumo unaoona kiapo hicho kinatosha mbele ya jaji hauna sababu nzuri ya kusema kwamba mtu huyohuyo hawezi kuapa kwa video kwamba majina mawili kwenye vyeti vyake ni ya mtu mmoja.

Na kuna jambo ambalo tunawazidi Wamarekani. Wao hawana kitambulisho cha taifa, ndiyo maana waliangukia kwenye maswali ya mikopo ambayo majibu yake yameshaibwa. Sisi hatuhitaji kuulizia historia za mikopo. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa ya Tanzania, ina alama za vidole, na usajili wa laini za simu kwa alama hizo ulioanza mwaka 2019 umepeleka mashine za kusoma vidole hadi kwa mawakala wa vijijini. Mwapaji wa Namtumbo anaweza kuweka kidole kwa wakala, namba yake ikathibitishwa na NIDA, kisha akazungumza na kamishna wa viapo aliye Songea kwa video. Utambuzi huo ni imara kuliko karani kuangalia nakala ya kitambulisho iliyofifia. Upande wa pili, wa kumtambua wakili, nao umeanza kushughulikiwa: mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania na ukurasa wa Chama cha Wanasheria wa Kenya vinamwezesha mwananchi kuangalia kama aliye mbele yake ni wakili kweli. Kinachokosekana ni sheria ya kuunganisha vipande hivyo na kusema nani ana wajibu gani.

Aliye nje ya nchi ni tatizo jingine, na mtandao peke yake haulitatui. Hati inayovuka mpaka inahitaji nchi inayopokea iuamini muhuri wa nchi iliyotoa. Mkataba wa Apostili, uliofanywa The Hague Oktoba 5, 1961, uliifuta ile ngazi ya wizara na ubalozi na kuweka cheti kimoja mahali pake, na tangu mwaka 2006 kuna mpango wa apostili za kielektroniki. Oman imo tangu mwaka 2012, Burundi tangu Februari 2015, Rwanda tangu Juni 5, 2024. Tanzania, Kenya na Uganda hazikuwemo Rwanda ilipoingia. Mzanzibari wa Muscat anaishi katika nchi inayotoa apostili, lakini cheti hicho hakina nguvu ya mkataba akikipeleka nchi isiyo mwanachama, kwa hiyo anarudi kwenye mlolongo wa mihuri. Kwake yeye kujiunga na Mkataba kungesaidia haraka kuliko sheria yoyote ya video. Njia nyingine ni kuwapa mawakili wa Tanzania na Kenya ruhusa ya kumwapisha raia wao aliye ughaibuni moja kwa moja, kwa kanuni ile ya kwamba tendo hufanyika alipo kamishna. Hapo hakuna muhuri wa kigeni wa kuthibitisha. Tahadhari iliyomo katika sheria ya mfano ya Marekani ingefaa kubebwa: hati iwe inahusu mali au shauri lililo nchini mwa mthibitishaji, na tendo hilo lisiwe limekatazwa na nchi alikokaa mtia sahihi.

Kisha hati inafika masijala. Ofisa wa ardhi anataka karatasi yenye wino. Ukimletea faili lenye cheti cha kidijitali atakuambia ulichapishe, na ukilichapisha umeitupa kinga yote niliyoieleza. Hata Marekani kaunti nyingi zilikwama hapo, ikabidi mthibitishaji aandike cheti kingine cha kuapa kwamba karatasi hiyo ni nakala sahihi ya faili. Sheria itakayowaruhusu mawakili kuthibitisha kwa mtandao bila kuilazimisha masijala kupokea na kukagua faili lenyewe itakuwa imefanya nusu ya kazi, na wananchi watalipa mara mbili.

Narudi kwenye hiari, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko wizi wa vitambulisho. Kamera inaona uso. Haioni mtoto wa kiume aliyesimama nyuma yake, wala haijui yaliyosemwa dakika tano kabla haijawashwa. Mjane anayesaini kuachia shamba la marehemu mumewe, mzee anayemgawia mmoja wa watoto nyumba ya familia, binti anayeambiwa asaini kama mdhamini wa mkopo wa kaka yake: hawa ofisini wakili makini huwatoa ndugu nje ya chumba na kuwauliza peke yao. Kwa video anaweza kumwomba mtu azungushe simu aonyeshe chumba kizima, lakini mlango ulio wazi haumwambii nani yuko ukumbini. Ugumu unaongezeka mtu asipojua kusoma. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma, ya tangu mwaka 1918, inamtaka anayewaandikia hati awasomee na kuwaeleza yaliyomo, na aandike jina na anwani yake kamili kwenye hati hiyo. Sharti hilo ni gumu kulitimiza kwa uaminifu kupitia kioo cha inchi sita na mtandao unaokatika.

Kwa hiyo mgawanyo wa Connecticut unanielekea kama mahali pa kuanzia, ukirekebishwa kidogo. Viapo vya majina, uthibitisho wa nakala za vyeti, viapo vya mashauri ya madai na hati za kampuni viingie kwenye mtandao mara moja, maana vinabeba sehemu kubwa ya foleni na madhara yake yanarekebishika. Wosia, uhamisho wa ardhi na ridhaa ya mwenzi katika mali ya ndoa vibaki ana kwa ana. Hati ya uwakilishi kwa aliye nje ya nchi niko tayari kuiruhusu, ikiwa na ukomo wa muda, ikitaja kiwanja mahususi, na msajili akilazimika kumpigia mtoaji simu ya video kabla ya kusajili mauzo yoyote yanayofanywa kwayo. Wanaoiona kinga hiyo kuwa usumbufu wamuulize yeyote aliyerudi kutoka ughaibuni akakuta msingi wa nyumba ya mtu mwingine kwenye kiwanja chake.

Suala la dhima ndilo linaloachwa mwisho katika mijadala yetu, na lilipaswa kutangulia. Kampuni ya programu itasema imetoa chombo tu. Wakili atasema chombo kilimwambia kitambulisho ni sahihi. Mamlaka ya vitambulisho itasema ilijibu ilichoulizwa. Aliyeibiwa shamba atabaki akizunguka kati yao watatu. Texas inamtaka mthibitishaji aweke dhamana ya fedha kabla ya kuanza kazi, lakini dola 10,000 za dhamana hiyo ni ndogo mno kwa bei ya nyumba. Kwetu wakili hawezi kubebeshwa yote, kwani ada ya kiapo haimtoshi hata kukata bima. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya ada ya kila uthibitisho wa mtandaoni iingie kwenye mfuko wa fidia unaosimamiwa na chama cha mawakili, mwathirika alipwe kwanza, halafu mfuko ndio ubishane na wakili na kampuni nani aliyezembea. Na rekodi za video zisibaki kwenye seva za kampuni binafsi peke yake. Zina nyuso, vitambulisho na siri za familia, na Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya mwaka 2019, inazihusu moja kwa moja. Kampuni ikifilisika mwaka wa tatu, nani atazitunza kwa miaka 7 iliyobaki kati ya 10? Rasimu yoyote ya sheria itakayopelekwa Dodoma au Nairobi bila kifungu kinachojibu swali hilo irudishwe kwa walioiandika.